Nyumba waliyoifunga wenyewe: kisa cha ushirika wa wanafunzi wa Berkeley

Novemba 1989 wanafunzi wa Berkeley, California, walipiga kura kuifunga nyumba yao wenyewe. Barrington Hall ilikuwa ikilaza watu wapatao 180, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko nyumba zote za ushirika wao. Kura ilikuwa ya wanachama wote, na wengi wao walikuwa wakiishi nyumba nyingine, mitaa michache tu kutoka hapo. Wakazi wa Barrington walipiga kura pia, wakazidiwa, kisha wakagoma kutoka. Ikawa mahakama, ikawa polisi, mwaka 1990 nao ukaingia kabla milango haijafungwa.

Kwetu ushirika ukifa, mara nyingi umeliwa: katibu katoroka, mizani imechezewa, malipo ya msimu hayaonekani. Hapa hakuna aliyekula. Chama kilikata mguu wake mwenyewe, na kikaendelea kuishi. Leo kinaitwa Berkeley Student Cooperative, kina majumba 17 ya kuishi pamoja na makundi matatu ya fleti, na wanachama wanaokaribia 1,300, wote wanafunzi. Kwa hiyo kisa ninachokichambua si cha kufa kwa ushirika. Nataka kuona namna ulivyojengwa hata ukaweza kufanya jambo chungu kama lile na usisambaratike.

Mwaka 1933 ulikuwa mbaya Marekani kuliko yote ya mdororo mkuu wa uchumi. Mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na mwezi Machi mabenki ya nchi nzima yalifungwa kwa siku kadhaa kwa amri ya rais. Mzazi aliyezoea kumtumia mwanawe hela ya chumba na chakula hakuwa nayo tena. Kando ya Chuo Kikuu cha California kulikuwa na Stiles Hall, jumba la YMCA la wanafunzi, na mkuu wake aliitwa Harry Kingman. Mtu huyu alizaliwa Tianjin, Uchina, na mwaka 1914 aliichezea New York Yankees mechi chache za besiboli, kisha akaachana na mpira na kuingia katika kazi ya kuwahudumia vijana. Wanafunzi 14 wakakubaliana chini ya malezi yake. Wapange nyumba moja, wanunue chakula kwa jumla, wapike na kuosha vyombo wenyewe, na kila mmoja awe na kura moja.

Kanuni hawakuzibuni. Walizichukua kwa wafumaji na mafundi wengine, jumla yao 28, wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844 wakiuza unga, siagi na sukari: mlango wazi kwa kila anayetaka kujiunga, na mtu mmoja kura moja, uwe na senti au uwe na mfuko mzima. Ule mlango wazi haukuwa maneno matupu Berkeley. Mwaka 1930 mji huo ulipofunguliwa nyumba ya kimataifa ya wanafunzi, International House, majirani na wapangishaji walipiga kelele kwamba watu wa rangi mbalimbali watalala chini ya paa moja. Mwanafunzi mweusi au mwenye asili ya Asia alikuwa akifungiwa milango ya vyumba vya kupanga, mmoja baada ya mwingine. Ushirika ambao kanuni yake ya kwanza haimuulizi mtu rangi ulikuwa, kwa mwanafunzi wa namna hiyo, paa kabla haujawa nafuu ya bei.

Msimu wa vuli wa mwaka 1933 wale wanafunzi wakapata mkataba wa jumba la watu wapatao hamsini, wakaliita Barrington Hall. Baada ya miaka miwili jina likahamia jengo kubwa zaidi mtaa wa Dwight Way. Wasichana wakapata nyumba yao ya kwanza, Stebbins Hall, katikati ya miaka ya 1930, ikibeba jina la Lucy Ward Stebbins aliyekuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike chuoni. Beverly Cleary, mwandishi wa vitabu vya watoto, ni mmoja wa waliolala humo. Vita vikaja: mwaka 1943 Jeshi la Majini likalikodi jengo la Barrington, na wanafunzi hawakulirudia hadi miaka ya 1950 inaingia. Vita vilipoisha, wanaume waliotoka jeshini wakamiminika chuoni kwa fedha za serikali, na mwaka 1946 ushirika ukainunua hoteli kongwe ya mwaka 1904, Cloyne Court, kazi ya msanifu John Galen Howard, yuleyule aliyesanifu sehemu kubwa ya chuo chenyewe.

Kabla sijafika kwenye ugomvi, nieleze mashine inavyozunguka, maana hapo ndipo penye akili yote.

Nilipokuwa chuo tulipanga nyumba Changanyikeni, watu sita vyumba vitatu, mita ya LUKU moja. Siku ya kwanza tulikuwa ndugu. Tulikubaliana kila wiki mmoja ananunua umeme, na vyombo kila mtu aoshe alivyolia. Wiki ya tano umeme ulikatika saa mbili usiku na watu wote sita tulikuwa ndani, kila mmoja kitandani kwake kwenye giza, akisikiliza nani atanyanyuka. Tulikaa hivyo mpaka asubuhi. Kwenye sinki sufuria la ugali liliota ukungu wa kijani, na kila aliyepita alisema, "Si langu hili." Alikuwa anasema kweli. Lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa la mtu. Mwisho wa kodi ya miezi sita tukaachana, na wawili kati yetu hawasalimiani hadi leo.

Berkeley walilikabili sufuria hilo kwa kulifanya hesabu. Kila mkazi wa jumba la pamoja anadaiwa saa tano za kazi kwa wiki. Ubaoni kuna orodha: jina, kazi, siku, idadi ya saa. Masufuria ya usiku wa Jumatano yana mtu. Kusugua bafu la ghorofa ya pili kuna mtu, na kupokea mzigo wa mboga vilevile. Usipotimiza saa zako zinahesabika kuwa deni, na deni lina faini ya fedha. Anayesimamia orodha hiyo ni mwanafunzi mwenzao aliyepigiwa kura na nyumba, na ujira wake ni kupunguziwa kodi. Meneja wa nyumba na anayeagiza chakula nao hulipwa kwa njia hiyohiyo. Hakuna anayeombwa kuwa na moyo.

Hebu piga hesabu. Nyumba yenye watu 120 ikidai saa tano kwa kila mtu inapata saa 600 kwa wiki. Hizo ni kazi za waajiriwa 15 wa saa arobaini, wapishi, wafagiaji, mafundi wadogo na makarani wa stoo, na jumba halimlipi hata mmoja mshahara. Ongeza kununua mchele na mafuta kwa jumla, ondoa faida ya mwenye nyumba, ndipo unaelewa kwa nini kulala na kula huko kumekuwa nafuu kuliko hosteli za chuo kwa miongo yote hiyo. Uchawi haupo. Jasho limeandikwa ubaoni.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo wasimulizi wengi wa ushirika huu hulipita haraka kwa sababu halina rangi wala muziki. Mwanachama hamiliki chumba. Hata nyumba haimiliki jengo lake. Kinachomiliki, au kinachoingia mikataba ya kukodi, ni chama kimoja kinachobeba nyumba zote, na juu yake kuna bodi ya wawakilishi waliochaguliwa na kila nyumba. Ukimaliza masomo unabeba sanduku lako, unarudishiwa amana yako, unakwenda. Huna hisa ya kumuuzia anayeingia. Thamani ya kiwanja kilichonunuliwa zamani, ambacho leo kiko katika mojawapo ya maeneo ghali kabisa ya Marekani, haimtajirishi mtu. Imekaa palepale chini ya vitanda vya wanaofuata.

Linganisha na nyumba za ushirika tulizozizoea. Watu wanaungana, wanachanga, wananunua ekari kadhaa pembezoni mwa mji, wanapima viwanja, kila mmoja anapata hati yake. Siku ya kugawa hati ndiyo siku ya mazishi ya ushirika wenyewe, ingawa watu wanapiga vigelegele. Baada ya hapo aliyepata shida anauza na mwenye fedha ananunua, na kizazi kinachofuata kinaanza upya na dalali. Sisemi ni vibaya. Mtu kuwa na hati yake ni jambo kubwa, hasa kwa aliyewahi kuvunjiwa. Nasema tu kwamba ni kitu kingine kabisa, na haifai tukiite kwa jina moja.

Kwa kuwa mali ni moja, fedha za nyumba iliyotulia zilisaidia kufungua nyumba nyingine. Mwaka 1966 likasimama jengo lililoitwa Ridge Project, wavulana na wasichana pamoja. Katika miaka ya 1980, wakati wanafunzi wa Berkeley wakikesha nje ya ofisi za chuo wakidai kiondoe fedha zake kwenye makampuni yanayofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, wakazi waliliita jengo hilo Casa Zimbabwe. Jina hili hunichekesha kwa upendo. Casa ni nyumba kwa Kihispania, na Zimbabwe inatokana na Kishona, *dzimba dza mabwe*, nyumba za mawe. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Kwa hiyo anwani yao, ukiitafsiri neno kwa neno, ni Nyumba ya Nyumba za Mawe.

Mwaka 1971 zikaja fleti za Rochdale Village, jina la kuwaenzi wale wafumaji na wenzao. Mwaka 1975 ikaja Lothlorien, nyumba isiyoingiza nyama jikoni. Mwaka 1997 wanafunzi weusi wakapata nyumba yao ndani ya ushirika huohuo, na mwaka 1999 ikafunguliwa nyumba kwa ajili ya mashoga na wasagaji. Kila nyumba ilikuwa na ladha yake, na watu waliichagua kwa ladha hiyo. Anayeingia hupanda ngazi kwa pointi anazojikusanyia kila muhula. Mkongwe huchagua kwanza nyumba na chumba, mgeni huchukua kilichobaki.

Na ladha, nadhani, ndiyo iliyoiponza Barrington.

Kuanzia miaka ya 1960 nyumba ile ilikuwa kimbilio la wanaharakati, wanamuziki na kila aliyeona nyumba nyingine zimepoa mno. Kuta za korido zilifunikwa michoro toka sakafuni hadi darini. Kizazi kilichora juu ya kizazi. Walikuwa na sherehe zao walizoziita karamu za mvinyo, ambapo bendi zilipiga na mji mzima ulijua kinachoendelea, na haukuwa mvinyo peke yake. Walikuwa hata na kaulimbiu, "Onngh Yanngh", ambayo aliyejua maana yake hasemi na anayesema hajui. Waliopita humo wanaieleza Barrington kama mtu anavyoeleza penzi lake la kwanza, na siwakebehi. Nyumba ya watu 180 ambao kila mmoja anajua kuwa ukuta ule ni wake kuuchora haipatikani mara mbili maishani.

Lakini kulikuwa na majirani waliokuwa wakilala, au wakijaribu. Kelele, takataka, dawa za kulevya zinazoingia na kutoka pamoja na watu ambao hawakuwa wakazi wala wanafunzi. Katika miaka ya 1980 malalamiko yakawa kesi. Na hapa muundo ule niliousifu ukageuza uso. Jirani anapoishtaki Barrington hashtaki Barrington, maana kisheria hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Anakishtaki chama, na kinachowekwa rehani mahakamani ni Stebbins, Cloyne, Casa Zimbabwe na vitanda vya watu waliolala saa nne usiku. Bima ni moja. Sahani iliyovunjwa na mmoja inalipwa na wote, na hili halikuwa suala la sahani tena.

Wakazi wa Barrington walijitetea kwa hoja ambayo hadi leo naiheshimu: demokrasia gani hii ambayo watu wasiolala hapa wanapiga kura ya kututoa tunaolala hapa? Kwao nyumba ndiyo iliyokuwa ushirika. Ndimo walimopika na kukoseana na kusuluhishana; bodi ilikuwa ofisi tu ya mbali inayotuma karatasi. Wenzao waliona kinyume. Kwao ushirika ni kile kinachobeba deni, na anayebeba deni ndiye mwenye kauli. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila sina furaha nako. Huwezi kutaka mlango ukupokee kwa sababu mali ni ya wote, kisha siku ya hesabu ukasema mali ni ya ghorofa yenu.

Ninachokilaumu ni muda. Tatizo lililojulikana na mji mzima liliachwa likomae miaka mingi, na kura ilipokuja ilikuwa imebaki kufunga au kutofunga. Katikati hapakuwa na kitu tena. Mfumo wa pointi nao, kwa maoni yangu, ulilitia jambo mafuta: nyumba ikishapata sifa, wapenda utulivu huikwepa, hubaki wanaoipenda mno na wageni waliokosa pengine. Hao wageni nao ama hugeuka, ama huhama muhula unaofuata. Baada ya miaka kumi humo ndani hakuna aliyebaki wa kusema, "Jamani, punguzeni sauti."

Machi 1990 mambo yakafika polisi na virungu, na wakazi wa mwisho wakatolewa.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Mwaka 2010, Cloyne Court, ile hoteli kongwe, mkazi mmoja kijana alizidisha dawa za kulevya akapata madhara makubwa ya ubongo. Familia ikakishtaki chama. Kesi ilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, bodi ilipitisha uamuzi wa namna yake: Cloyne haitafungwa, ila itageuzwa kuwa nyumba ya masomo isiyo na kilevi cha aina yoyote, na waliokuwa wakiishi humo hawataruhusiwa kurudi, watafute nafasi katika nyumba nyingine za ushirika. Wakatoka wote, mnywaji na asiyekunywa, aliyekuwepo kwenye mkasa na aliyejiunga miaka mitatu baadaye. Picha za ukutani nazo zikapakwa rangi juu.

Uamuzi wa Cloyne unanikera kuliko wa Barrington, na watu huniambia nimekosea hesabu, kwa kuwa safari hii jengo lilibaki kwa wanafunzi na hakuna aliyebaki bila kitanda. Kweli. Lakini mwaka 1989 wanachama wote walipiga kura na wakazi walipata nafasi ya kushindwa. Mwaka 2014 uamuzi ulipita mezani kwa bodi, ukawekewa hoja ya bima na mawakili, na adhabu ikamwangukia mtu kwa sababu ya anwani yake tu. Bodi haikuvunja kanuni yoyote. Ilikuwa na jukumu la kuzilinda nyumba zote, na haikutaka kurudia kosa la kuchelewa. Labda ndivyo ushirika unavyozeeka. Ulianza na vijana 14 wanaogombania nani aoshe sufuria, na sasa una mawakili wanaopima ni nyumba ipi inahatarisha nyingine. Wale 14 wasingeweza kufikisha mwaka wa themanini bila watu wa namna hiyo.

Mwaka 2007 chama kilibadili jina, kikachukua hili la sasa, Berkeley Student Cooperative. Saa tano za zamu bado zipo ubaoni.

Jengo la Barrington halikubomolewa. Baada ya wakazi kutolewa lilikarabatiwa, michoro ikapotea, likakodishwa kwa mfanyabiashara akalipangisha kama fleti za kawaida. Walioingia nao ni wanafunzi, wengi wao wa chuo kilekile. Kila mmoja ana mkataba wake, ufunguo wake na jiko lake, na sufuria analoliacha kwenye sinki ni lake peke yake.